Gunia Hutobolewa, Sikio Hutogwa

Nyumba ya Bi Tatu ilinukia karafuu, ndimu iliyokatwa na sindano iliyopitishwa motoni. Ukifika mlangoni pake Jumamosi asubuhi, kabla hujabisha hodi, harufu hizo zilikuwa zimeshakupokea, na nyuma yake ulifuata moshi mwembamba wa koroboi, ile taa ya kopo aliyoiwasha mchana kweupe kwa ajili ya sindano tu. Kilikuwa chumba kimoja katika safu ndefu ya nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, mtaani Shauri Moyo, hatua chache kutoka kwenye mfereji, bomba la maji la mtaa, ambapo mama zetu walipanga ndoo. Nje kulikuwa na kelele za soko la Gikomba: nyundo za mafundi waliokunja mabati, na wachuuzi wakiita wateja kwa lugha zote za nchi hii. Ndani kulikuwa kimya kama msikitini. Bi Tatu alikuwa mjane wa makamo, Mwislamu aliyezaliwa papa hapa Nairobi, mwenye mikono midogo kama ya mtoto na leso mbili zilizokunjwa vizuri siku zote. Kazi yake ilikuwa kuwatoga masikio wasichana wa mitaa yetu, wa dini zote na makabila yote. Nimeieleza harufu ya chumba chake kana kwamba niliijua tangu mwanzo. Ukweli ni kwamba niliandika habari za chumba hicho kabla sijakinusa, na hilo ndilo kosa ninalolisimulia hapa.

Aliyenirudisha huko ni mjukuu wangu Nekesa. Ana miaka ishirini na mmoja, anasomea uandishi wa habari chuoni, na puani ana kipini kidogo kinachometameta kila akicheka. Mwezi uliopita alikuja kwangu hapa Njiru, akavuta kigoda na kufungua daftari. "Babu, nimepewa kazi. Gazeti moja linataka makala kuhusu watu wanaojitoboa mwili. Masikio, pua, hadi ulimi. Nianzie wapi?" Nikafumba macho mpaka akanigusa goti. "Babu, umelala?" Nikamwambia sijalala, ila makala hiyo nimewahi kuiandika. Alicheka hadi daftari likamwanguka. Mimi nilikuwa karani wa stoo kwa miaka thelathini, na nyumbani wananijua kama mtu wa kuandika orodha ya vitu vya dukani. "Wewe, Babu? Makala ya kutoboa? Wacha mchezo." Nikamwambia akae vizuri. Niliyomsimulia jioni ile ndiyo ninayoyaandika hapa, maana kuna deni la maneno ambalo sikulilipa nilipokuwa na nafasi.

Miaka hiyo, uhuru ulikuwa bado mpya na mimi nilikuwa darasa la saba. Mtaa wetu ulikuwa na gazeti lake. Halikuwa gazeti la kununua. Lilikuwa ubao wa plaiwudi uliopigiliwa ukutani nje ya ukumbi wa mtaa, na juu yake karatasi zilizoandikwa kwa mkono zilibandikwa kwa pini kila Jumapili alfajiri, ili watu wa kwenda kanisani wazione wakipita. Mhariri wake alikuwa Bwana Were, jirani yetu, mpanga herufi katika kiwanda kimoja cha uchapaji kule eneo la viwanda. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa wino usiotoka hata kwa sabuni ya kipande, na mama alikuwa akisema kwa mzaha kwamba Bwana Were akila ugali mweupe hubakiza alama za vidole. Hakuna aliyemtuma kazi ile. Alinunua pini mwenyewe, akaomba karatasi zilizokatwa vibaya kiwandani, na kila habari aliisoma kwa sauti mbele ya aliyeiandika. Akimaliza alikuwa na swali moja tu: "Palinukia nini?" Ukisema paliungua, alitaka kujua kiliungua nini. Ukibabaika, alikurudishia karatasi yako taratibu. "Hukufika, kijana. Nenda ufike, halafu urudi." Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi tangu siku hizo, wengine wenye shahada na ofisi za zulia, na sijaona mtu aliyeiheshimu kazi kama Bwana Were alivyouheshimu ubao ule wa plaiwudi.

Mimi nilitaka jina langu liwe pale juu. Sikuwa na sababu nyingine. Nilikuwa na mwandiko mzuri, mwalimu alikuwa akinisifu mbele ya darasa, na mama alinitumia kuandika barua zake zote kwa nyanya kule nyumbani, magharibi. Mara mbili nilimpelekea Bwana Were habari, na mara mbili alinirudisha nikanuse. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini nani amewahi kumweleza hilo mtoto wa miaka kumi na mitatu akamwelewa?

Wakati huo dada yangu Nafula alikuwa na miaka kumi na sita. Nyumbani kwetu masikio yalikuwa jambo la kanisa. Mama alikuwa mwanzishaji wa nyimbo katika kikundi cha akina mama, na kanisani kwetu ilifundishwa kwamba mwanamke wa Mungu hajitoboi mwili wala haning'inizi kitu. Nafula alimsikiliza mama, akaitikia, kisha Jumamosi moja akapita kwa Bi Tatu akatogwa kimyakimya. Alirudi na nyuzi mbili nyeusi masikioni akazificha chini ya kitambaa cha kichwa. Mimi niliziona usiku uleule na nikanyamaza, maana kuwa na siri ya dada yako ni kama kuwa na sukari mfukoni. Baada ya wiki moja sikio lake la kushoto lilivimba likawa jekundu kama nyanya. Nilimkuta nyuma ya nyumba akilia bila sauti. Sikumuuliza kitu. Nilijua, au nilidhani najua, na kichwani mwangu makala ilikuwa imeshaanza kujiandika.

Wiki hiyo Bwana Were alipata habari ya msiba, akasafiri kwenda kuzika. Aliniachia kopo la pini na maneno machache: nibandike habari tatu alizokuwa amezisoma, basi. Nilibandika hizo tatu. Katikati, palipokuwa na nafasi pana zaidi, nikabandika ya nne, yangu. Kichwa chake nilikiandika kwa herufi kubwa: KUNA MAMA ANATOBOA WASICHANA. Nakumbuka sentensi ya kwanza neno kwa neno, ingawa nimejaribu kuisahau. "Katika mtaa wetu kuna mama mmoja ambaye huwaingiza wasichana chumbani, hufunga mlango, akawatoboa kwa sindano yenye kutu, nao hutoka wakilia." Sindano ile sikuwa nimeiona. Mlango sikuwa nimeukaribia. Neno masikio lilikuja mstari wa nne, na wasomaji wengi hawakufika huko. Jina la Bi Tatu sikuliandika, lakini nilitaja rangi ya mlango wake. Jina langu nililiweka chini kwa wino mwekundu: Yohana Nyongesa.

Siku hizo, sisi wa mitaa hii hatukuwa na neno jingine. Kiswahili chetu tulikiokota njiani, na kwetu chochote chenye tundu kilikuwa kimetobolewa: sufuria, mpira, gunia, sikio. Lakini neno lile lilipokaa peke yake, "anatoboa wasichana", kila msomaji alilijaza kwa hofu yake mwenyewe. Vijana walicheka cheko ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mkubwa. Akina baba walisoma, wakatazamana, wakaondoka haraka. Kufikia saa sita mchana habari ilikuwa imetoka ubaoni ikaenda mferejini, na mferejini ilizaa watoto. Wengine walisema ni masikio, wengine wakasema masikio ni kisingizio tu. Jumatatu asubuhi mtu alikuwa ameandika kwa chaki kwenye mlango wa Bi Tatu neno ambalo sitalirudia. Shuleni wavulana waliniita mwandishi. "Yona, toboa ingine," walisema kwa jina langu la mkato, wakanipiga mgongoni, nami nikatembea kama jogoo.

Jumatatu jioni nilipita ukumbini kulitazama jina langu. Bi Tatu alikuwa amesimama mbele ya ubao, peke yake, kikapu mkononi. Niligeuka nirudi, lakini alikuwa ameshaniona.

"Wewe si mtoto wa Mama Nafula? Njoo, mwanangu. Mimi nasoma msahafu. Hizi herufi za kizungu zinanipita. Nisomee hapo katikati."

Nilisimama kando yake. Jina langu lilikuwa jekundu mbele ya macho yake. Nikafungua mdomo, na maneno yaliyotoka hayakuwa yale ya ukutani. "Katika mtaa wetu," nilisoma, "kuna mama mmoja ambaye mkono wake ni mwepesi. Wasichana huingia kwake wakiogopa, hutoka wakijitazama kwenye vioo vya madirisha. Sindano yake huipitisha motoni kabla haijagusa mtu." Hayo nilikuwa nimeyasikia kwa wasichana mferejini, siku zote, bila kujua kwamba nimeyasikia. Niliendelea hivyo mpaka chini ya karatasi, kidole changu kikifuata mistari iliyosema mengine kabisa. Bi Tatu alisikiliza huku ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Na jina la mwandishi?"

"Halipo," nikasema.

"Haya. Ameandika vizuri. Ukimwona, mwambie Jumamosi aje aone kwa macho yake."

Nilihesabu siku kama mfungwa. Jumamosi nilikwenda, sijui kwa nini. Labda kwa sababu kutokwenda kungekuwa ni kukiri. Hapo ndipo nilipoinusa ile karafuu kwa mara ya kwanza. Na aliyeketi kwenye mkeka, kichwa kikiwa juu ya paja la Bi Tatu, alikuwa Nafula. Bi Tatu alikuwa akimkanda sikio kwa pamba na maji ya chumvi ya uvuguvugu, akipuliza taratibu kama anayepoza uji. Uvimbe ulikuwa umepungua. Nilikuja kujua kwamba Nafula alikuwa akija kila siku tangu wiki iliyotangulia, hata siku ambazo mlango ule ulikuwa na chaki.

"Mwulize dada yako sikio lilivimba kwa nini," Bi Tatu aliniambia bila kuinua macho.

Nafula hakunitazama. "Nilitoa uzi siku ya tatu," alisema. "Niliona hereni za waya Gikomba nikashindwa kungoja. Bi Tatu alinikataza. Alisema siku saba uzi, kisha kijiti cha ufagio, kisha ndiyo hereni. Mimi ndiye niliyejiharibu. Na ungeniuliza, Yona, ningekwambia. Tunalala chumba kimoja."

Bi Tatu alifinya pamba ndani ya bakuli. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nilisomewa na watu watatu kabla yako, mwanangu. Nilitaka tu kusikia yakitoka kinywani mwako wewe. Kumbe unajua kusema vizuri. Uliyonisomea ndiyo ungeandika." Kisha akaongeza, kama mtu anayesahihisha hesabu ya mtoto: "Na jambo lingine. Gunia hutobolewa. Sikio hutogwa. Ukimtoga mtu unampamba. Neno ukilikosea, umemkosea mtu."

Asubuhi ile hapakuja mteja hata mmoja wa mtaa wetu. Alikuja mwanamke mmoja tu, aliyekuwa ametembea kwa miguu kutoka Mathare na bintiye wa miaka minane hivi. Habari ya ubao ilikuwa haijavuka kufika kwao. Nilitaka kutoka, Bi Tatu akaniashiria nikae. "Huyu naye anatazama nini?" mtoto aliuliza. "Naye anatogwa?" Bi Tatu akamjibu, "Huyu ameshatogwa. Tundu lake tu ndilo halionekani." Kisha akaanza kazi, na nilitazama kama sijawahi kutazama kitu. Aliosha mikono hadi viwikoni. Alipitisha sindano kwenye mwali wa koroboi mpaka ikawa nyekundu, akaiacha ipoe, akaifuta kwa pamba yenye spiriti. Alichovya kijiti kwenye masizi akaweka nukta kwenye kila sikio, kisha akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akazitazama nukta zote mbili kwa muda mrefu. Moja aliifuta akaiweka upya, pengine kwa upana wa punje ya mtama. "Uso wa mtu hauna pande mbili sawa," alisema. "Ukipima kwa rula utampotosha. Pima kwa kumtazama." Alipaka mafuta ya karafuu ili ganzi iingie, akaweka kipande cha ndimu nyuma ya sikio, akamwuliza mtoto jina la rafiki yake mkubwa. Mtoto alipofikia silabi ya pili, sindano ilikuwa imeshapita na uzi umeshafungwa. Hakulia. Alimaliza kulitaja jina.

Bwana Were aliporudi kutoka mazishini, alikuwa ameshaambiwa yote kabla hajashusha mzigo. Alikwenda ubaoni, akang'oa karatasi yangu, pini moja moja, akaikunja na kuniletea nyumbani. Nilingoja matusi. "Palinukia nini?" aliniuliza. Nikamweleza: karafuu, ndimu, sindano motoni. "Sasa umefika," alisema. "Andika."

Niliandika siku mbili. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile, kabla wala baada yake. Niliandika zile nukta za masizi, yule mtoto wa Mathare, na maji ya chumvi. Niliandika kwamba habari ya kwanza ilikuwa ya uongo. Nilitumia neno kutoga, nikalieleza. Bwana Were aliisoma kwa sauti mpaka mwisho, akavua miwani. Kisha akageuza karatasi, akatazama chini. "Jina?" Nikasema liachwe tu, kazi yenyewe inatosha. Nilikuwa namwogopa mama. Kwa muujiza fulani alikuwa hajausoma ubao Jumapili ile. Alitangulia kanisani kwa giza kufanya mazoezi ya nyimbo, na majirani kwa heshima hawakumtajia kilichoandikwa na mwanawe. Jina langu likionekana, angeuliza, na siri ya Nafula ingetoka, na yangu pia. Bwana Were alivaa miwani yake tena. "Kosa ulilitia sahihi kwa wino mwekundu," alisema. Lakini hakunilazimisha. Aliibandika kama ilivyo.

Maji yakimwagika hayazoleki. Watu waliisoma habari ya pili kama wanaosoma tangazo la duka. "Hata jina haina," nilimsikia mama mmoja akisema mferejini. "Huyo ni Bi Tatu mwenyewe amejiandikia." Mwenzake akamjibu, "Si husema hajui kusoma?" "Basi amemtuma mtu. Mwenye kweli angeogopa nini?" Karatasi niliyoiandika kumsafisha ikamchafua mara ya pili, na mlango wake ukabaki mtupu.

Siku ya tatu mama aliniita. Alikuwa ameketi kitandani, mikono mapajani. "Yona, leta kalamu. Tumwandikie nyanya yako." Nikaandika: Mama mpendwa. Akaniambia niishie hapo. Akatoa chini ya mto karatasi ya ubaoni, ile ya pili isiyo na jina, akaiweka kando ya barua. "M yako ina mkia," alisema. "Mtaa mzima hakuna M nyingine yenye mkia kama huu. Na dada yako ameshaniambia yote. Nilikuwa nangoja wewe." Akagonga chini ya karatasi kwa kidole. "Kwa nini hukuandika jina?"

"Nilikuogopa, mama."

"Uliniogopa mimi mmoja, ukamwacha yeye auogope mtaa mzima."

Jumamosi iliyofuata alioga mapema, akajifunga leso yake ya sikukuu. "Utanisindikiza?" aliniuliza. Nilijua anakokwenda. Nikasema nina kazi ya shule. Hakunibishia. Alitoka peke yake saa nne asubuhi, saa ambayo mfereji ulikuwa umejaa, akapita katikati ya ndoo zote akimsalimia kila mtu kwa jina. Alibisha hodi kwenye ule mlango, akaingia. Nilimwona kutoka dirishani, kalamu mkononi, daftari tupu mbele yangu. Alipotoka, Bi Tatu alimsindikiza hadi kizingitini, na masikioni mwa mama yangu, mwanzishaji wa nyimbo, kulikuwa na nyuzi mbili nyeusi. Hakuzifunika. Alipita tena katikati ya ndoo. Mama mmoja akashindwa kujizuia. "Mama Nafula, hata wewe umetobolewa?" Mama akasimama. "Nimetogwa," alisema. "Mikono ya yule mwanamke ni misafi kuliko ndimi zetu. Aliyeandika mabaya yake ni mwanangu, na hakuyaona."

Kesho yake alikwenda kanisani na nyuzi zake. Walimwambia asianzishe nyimbo mpaka zitoke. Aliketi kiti cha nyuma kabisa, Jumapili baada ya Jumapili, akiitikia kwa sauti ile ambayo kanisa lote liliitambua, na nyimbo zilianza vibaya miezi yote ile. Uzi ulipotoka akaweka kijiti cha ufagio. Hereni hakuwahi kuvaa maishani mwake. Wiki ya pili akaja kwa Bi Tatu mama mmoja wa mfereji na binti zake wawili. Wiki ya tatu wakaja wengine, hata wa kanisa letu. Ile ndiyo ilikuwa habari yenye sahihi. Mama hakuandika hata neno moja, na mtaa mzima ukasoma.

Nilimaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya stoo, sikuandika tena. Bi Tatu aliendelea kutoga mpaka macho yalipofifia, kisha bintiye akamchukua. Nilikutana na Bi Tatu mara moja tu, Gikomba, nikiwa mtu mzima mwenye mke. Aliitambua sauti yangu. "Bado unasoma vizuri?" aliniuliza, akitabasamu. Nilisema, "Nasoma, Bi Tatu." Nilikuwa na muda wa kusema zaidi. Nilimnunulia machungwa badala yake. Na mama alipofariki, Nafula, aliyekuwa miongoni mwa waliomwosha, alitoka chumbani akaniambia matundu yale bado yalikuwa wazi. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Nadhani aliyesema hivyo hakuwa na mama kama wangu.

Nekesa alisikiliza yote bila kuandika kitu. Kisha akaenda kumtafuta kijana mmoja mwenye kibanda cha kutoga kando ya Barabara ya Kangundo, akarudi na kurasa sita. Nikamwuliza palinukia nini. Akafikiri, akakasirika kidogo, akarudi huko kesho yake. "Dawa ya hospitali, Babu," aliniambia. "Na chipsi za jirani. Na glavu mpya, ile harufu ya mpira." Kijana yule, anasema, hufungua sindano mpya mbele ya kila mteja, na huweka nukta kwa kalamu ya zambarau, kisha hurudi nyuma akafumba jicho moja. Niliposikia hilo ilinibidi nitoke nje kidogo.

Ubao wa siku hizi uko kiganjani mwa kila mtu, na hakuna Bwana Were wa kushika kopo la pini. Habari kama ile yangu ingefika Mathare kabla Bi Tatu hajazima koroboi yake. Lakini pia nimeona hili: kabla Nekesa hajapeleka makala yake gazetini, alirudi kibandani akamsomea yule kijana, mwanzo hadi mwisho, kama ilivyoandikwa. Kijana akamrekebisha neno moja, na Nekesa akalibadilisha. Halafu akaja kuniuliza kuhusu kichwa cha habari. Nilimwambia atumie kutoga. "Vijana hawalijui, Babu. Na siku hizi kutoboa si neno baya. Mtu akisema ametoboa, amefaulu." Nikamwambia basi aandike yote mawili. Neno limekua kuliko mimi, na ninafurahi kwamba lilipata njia ya kutoka pale nilipoliacha, ukutani, peke yake.

Tulipomaliza aliniambia niandike upande wangu, na nilipomwonyesha kurasa hizi alizigeuza akatazama chini ya ukurasa wa mwisho, kama alivyofanya Bwana Were.

Mama aliyetoga masikio Shauri Moyo aliitwa Bi Tatu. Sindano yake haikuwa na kutu. Aliyeandika kwamba ina kutu ni mimi, na aliyeandika habari ya pili bila jina ni mimi pia.

Yohana Nyongesa, mwana wa Mama Nafula.